Blogu ya Zornitsa Aliyebaki

Zornitsa alirudi kijijini kwetu Gorna Lyaska baada ya Mwaka Mpya, kuja kumzika baba yake, akiwa na begi moja na tiketi ya kurudi Plovdiv. Alikuwa fundi wa taa katika jumba la maigizo huko mjini, kazi ya kupanda ngazi na kukaa gizani, na aliipenda kweli. Mwenyewe aliniambia, siku aliyokuja dukani kwangu kununua mishumaa ya arobaini, kwamba angekaa mpaka theluji iyeyuke tu.

Mama yake, Velichka, hufuma halishte, yale mablanketi ya sufu yenye manyoya marefu ambayo kila nyumba hapa milimani inayo. Marehemu ndiye aliyekuwa akiyauza kando ya barabara, kwa wenye magari wanaopanda kwenda kuteleza kwenye theluji. Sasa muuzaji hayupo, na madukani kule juu yalishaingia mablanketi ya kiwandani yenye picha ya mbwa mwitu. Ya Velichka yalirundikana chumbani mpaka yakaziba dirisha.

Ndipo Zornitsa akafungua blogu. Mwanzoni aliandika habari za sufu: kondoo gani wana nyuzi ndefu, rangi inayotoka kwenye maganda ya jozi, jinsi blanketi linavyotumbukizwa kwenye pipa la mbao mtoni na maji kulizungusha mpaka manyoya yasimame. Picha zilipendeza, maana mwanga anaujua. Lakini hakuna aliyenunua. Msomaji wake wa kudumu nilikuwa mimi, na mimi blanketi ninalo.

Mwezi wa Machi barabara ilifungwa na theluji. Siku hiyo aligombana na mama yake juu ya kuni, akaketi na kuandika kwa hasira. Alisema shule imefungwa, tanuri la mikate limezimwa, wenzake wote wa darasani wako Ujerumani, Uhispania na Chikago. Akamalizia: "Wote waliondoka. Mimi nimebaki." Haikuwa kweli. Begi lilikuwa chini ya kitanda, nusu ya nguo bado zimo. Aliniambia baadaye kwamba sentensi ile ilikaa vizuri pale mwishoni, basi akaiacha.

Habari ile iliposambaa, ilisambaa kwa wale wale walioondoka. Wanawake walioacha mama zao milimani walimwandikia kwamba wameisoma wakiwa kazini wakajifungia chooni kulia. Kisha wakaagiza mablanketi. Chumba cha Velichka kikawa cheupe kwa mwanga wa dirisha, na oda zikazidi kuja. Shangazi Sevda, jirani yao, akatoa mtambo wake wa kufumia uliokuwa ukilaliwa na kuku. Kostadinka wa nyumba ya juu akafuata. Dukani kwangu ndipo vifurushi vinapopokelewa, na nilianza kuvipanga hadi juu ya friji ya maziwa.

Theluji ikayeyuka. Zornitsa hakuondoka, maana msimu ule ndio wateja walikuwa wengi. Akasema ataondoka wakati wa cheri. Cheri zikaja zikaisha.

Kila alipoandika juu ya sufu peke yake, wasomaji walinyamaza. Akiandika kwamba amefagia uwanja wa shule tupu, oda zinamiminika. Basi akafagia uwanja wa shule, akapigwa picha. Mwenyekiti wa kijiji akaweka sura ya Zornitsa kwenye ubao pale barabara inapoingia, akicheka, msuko wake mrefu umelala begani. Wageni wakawa wanakuja na kugonga dirisha la jikoni kuangalia kama kweli yupo.

Mwezi wa Agosti, kwa ajili ya joto, alikwenda mjini Smolyan akakata nywele. Aliporudi, Velichka aliuacha mtambo, akamzunguka kama anayekagua kondoo. Wasomaji walipoona picha wakalalamika; mmoja alisema anajisikia kama aliyeibiwa. Zornitsa alimsomea mama yake maneno hayo kama mzaha. Velichka hakucheka.

"Ungetuuliza," alisema.

"Nywele zangu, mama?"

"Zamani zilikuwa zako."

Toka siku hiyo akaanza kufunga kitambaa akipigwa picha.

Vuli ilipoingia, Yavor, mkuu wake wa zamani kule jumba la maigizo, akapiga simu. Fundi mkuu wa taa anastaafu, nafasi ni ya Zornitsa akiitaka, ila ajibu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa Oktoba. Alipokea simu ile akiwa dukani, amesimama kati ya vifurushi, na niliona uso wake ukifunguka kwa namna ambayo haikuonekana kwenye picha hata moja.

Alimwambia mama yake jioni ile, wakila maharage. Velichka alimuuliza swali moja tu: akienda, atawaandikia nini wale watu? Kesho yake shangazi Sevda alifika na banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, ya moto imefunikwa kwa taulo. Hakumkataza. Alisema kwamba ana miaka sitini na nane, na kwamba huu ni mwaka wake wa kwanza kuamka asubuhi akijua anaamkia nini. Akamkatia kipande kikubwa, akakaa kumwangalia akila.

Hata hivyo Zornitsa aliandika. Nilisoma nikiwa kaunta. Alisema wazi kwamba hakuwa amekusudia kubaki, kwamba ana kazi yake mjini na anaipenda, kwamba mablanketi yatafumwa vilevile na mikono ileile, na kwamba yeye anaondoka. Ilikuwa habari nzuri, fupi, haina hila ndani yake.

Wasomaji waliichukulia kuwa kilio cha kuomba msaada. Waliandika mamia kwa mamia: usikate tamaa, dada yetu, tuko nawe. Na wakanunua. Tulipokea oda nyingi kuliko wakati wowote. Kostadinka alimkumbatia barabarani, akamsifu kwa akili aliyoitumia.

"Sikutumia akili," Zornitsa alimwambia. "Nilisema kweli."

"Hata hiyo sema tena karibu na Krismasi," akajibu Kostadinka.

Wiki hiyohiyo likaja gari lenye namba za Ujerumani. Akashuka Radka, mtoto wa mwalimu wetu wa zamani, aliyesoma darasa moja na Zornitsa. Alimkuta dukani akibandika anwani, akamshika mikono yote miwili, macho yamejaa machozi. Alisema ameendesha kutoka Stuttgart bila kulala hotelini. Alisema kila asubuhi, kabla hajaingia kazini, anafungua blogu ile ahakikishe kwamba kijiji bado kipo.

"Wewe ndiye unatushikia mahali petu," alisema. "Ukiondoka wewe, sisi tutarudi wapi?"

"Lini mnarudi?"

Radka akatabasamu bila kuelewa. "Namaanisha, siku moja."

"Basi baki wewe, Radka. Nyumba ya mwalimu ipo. Mimi niende, wewe ushike."

"Zornitsa, mimi nina kazi kule."

"Na mimi nina kazi."

Nilijifanya nahesabu mayai. Radka aliachia mikono ile. Aliangalia rafu, akaangalia nje, akasema giza likiingia kona za mlimani zinamtisha. Alichukua mablanketi mawili, akapiga picha mlangoni pamoja na Zornitsa, akaondoka.

Sikukuu ya Mtakatifu Dimitri ilipita. Zornitsa alimwomba Yavor muda, Yavor akampa kidogo, kisha kazi akapewa mtu mwingine. Alichoweza kumpa yeye ni wiki moja, kusaidia kufunga taa za mchezo mpya. Akaenda. Nyumbani aliacha ameandika habari mapema, za kuni na ukungu, ziwe zinajitokeza zenyewe kwenye blogu kana kwamba yupo.

Aliporudi alinieleza yote. Jinsi alivyokaa juu kwenye ngazi, mikono inanuka vumbi lililoungua, na hakuna aliyejua jina lake wala kujali alikotoka. Alisema alikuwa amesahau mtu anavyopumua. Siku ya mwisho, mwanamke anayekata tiketi pale mlangoni alimkazia macho, akamfuata kwenye korido. Alikuwa msomaji, halishte ya Velichka ilikuwa nyumbani kwake.

"Alinishika mkono, Minka, akaninong'oneza, 'Usiogope, sitamwambia mtu.'" Ndivyo alivyoniambia Zornitsa. "Kama vile nimeua."

Nadhani hapo ndipo kitu kilipokatika. Aliingia nyumbani, akamwambia mama yake kwamba hataandika tena hata neno moja. Siku kadhaa blogu ilikaa kimya. Sevda alikuja na banitsa, mara hii mlango haukufunguliwa. Mwishowe Velichka mwenyewe alivuta kiti mbele ya kompyuta, akataka aonyeshwe herufi ziko wapi. Aliandika kwa kidole kimoja, mchana kutwa, akimfukuza binti yake kila alipotaka kusahihisha. Ikatoka hivi:

"Mimi ni Velichka. Mablanketi nafuma mimi, Sevda na Kostadinka. Binti yangu ana kazi yake ya taa. Msimuulize maswali. Sufu ya mwaka huu ni nzuri."

Watu wachache walicheka, wakaagiza. Wengi waliuliza kama Zornitsa anaumwa. Oda zilipungua, ila hazikukatika. Mtambo wa Kostadinka umesimama tangu Februari, na yeye akikutana na Zornitsa njiani hamsalimii.

Velichka sasa anaandika kila Jumapili akitoka kanisani, mistari mitano au sita, mingi yake lawama juu ya hali ya hewa. Zornitsa amekubaliana naye kwamba ataondoka wasomaji wakishamzoea mama. Ubao pale barabarani haujang'olewa. Juzi alipita dukani kuchukua utepe wa kufungia vifurushi. Nikamuuliza kama wameanza kumzoea Velichka.

"Wengine," alisema, na akaniomba nimwekee utepe mwingine wa akiba.