Eda ya Farasi wa Kijivu

Tarehe nne Machi, saa moja asubuhi, nilikuwa nimeinama bandani nikimchokoa farasi wangu jike wa kijivu ukwato wa mbele kwa kijiti cha chuma, na ukwato haukuwa na kitu. Farasi anayetembea huokota mchanga, vijiwe na vipande vya chaza. Huyu hakuwa ametoka kwa siku kumi na moja. Niliendelea kuchokoa hata hivyo, kwa sababu ndiyo kazi niliyoizoea saa hiyo, na hapakuwa na nyingine iliyonisubiri.

Siku hizo kumi na moja zilianzia kwenye kifo cha mwenzake, dume wa kahawia. Nilikuwa nao wote wawili kwa miaka tisa. Waliletwa Kilwa Masoko na hoteli ya ufukweni ili wageni wawapande, nami, kwa kuwa nilisomea mifugo chuoni, nikaajiriwa kuwatunza. Hoteli ilipofungwa, mwenyewe aliniachia farasi, akarudi kwao. Nikawajengea banda la makuti nyuma ya nyumba yangu, kando ya njia iendayo kwenye mashamba ya chumvi. Sikumjua farasi mwingine yeyote kati ya hapo na Lindi. Watoto wa shule walipopita walibishana kama wale ni farasi kweli au ni punda walioshiba.

Dume alikufa kwa kosa langu. Mwezi wa kwanza nilimpanda mbali na pwani, ndani ya vichaka vya bara, kwa sababu tu asubuhi ilikuwa ya baridi na nilitaka kufika mahali ambapo sijawahi kufika. Huko kuna mbung'o. Nilijua kuna mbung'o. Nilisoma habari zao muhula mzima na mtihani nikaufaulu. Baada ya wiki tano nagana, ugonjwa wanaoueneza mbung'o, ilimlaza chini, na dawa ilipofika kutoka mjini hakuweza tena kuinua shingo.

Siku ya tatu baada ya kumzika, mwanamke niliyesoma naye, ambaye sasa anafuga farasi tisa chini ya Mlima Meru, alinipigia simu.

"Dada, farasi hakai peke yake. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Nipe huyo jike, nitakuja na lori mwenyewe."

"Niache kwanza."

"Nikuache mpaka lini?"

Nilikata simu. Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita, mtoto hatukujaaliwa, na mtaani naitwa Mama Farasi. Huyo jike akiondoka ningebaki na banda.

Jibu la swali lake niliambiwa asubuhi ile ya ukwato mtupu. Jirani yangu, muuza vitumbua, mwanamke aliyenizidi miaka michache na maneno mengi, alisimama kwenye uzio na beseni lake kichwani.

"Hodi, Mama Farasi! Bado umemfungia mke wa marehemu?"

"Hataki kutoka, dada. Nikimvuta anagoma."

"Atatokaje naye yuko kwenye eda? Mume kafa juzi, leo unataka akatembeze makalio ufukweni! Mwache amalize miezi yake minne na siku kumi. Tena mtafutie kaniki umfunike."

"Kaniki ya kumtosha huyu nitaipata wapi?"

"Unga mbili. Mjane mwenyewe mgongo kama kitanda!"

Tulicheka mpaka akashusha beseni. Alipokwisha kuondoka nikajikuta nahesabu miezi kwa vidole. Jioni nilimpigia rafiki yangu wa Meru nikamwomba anipe mpaka mwanzo wa Julai. Sikumwambia kwa nini. Nilihitaji tarehe ya kujifichia, na utani wa jirani ulikuwa na tarehe ndani yake.

Basi nikamweka eda. Nalieleza jambo hili sasa kwa aibu, lakini wakati ule lilikuwa na adabu yake. Tandiko nililifunga kwenye gunia. Asubuhi nilimletea majani mabichi, pumba ya mahindi na mashudu kidogo ya ufuta. Mchana nilimmwagia maji mgongoni. Jioni niliwasha kinyesi kikavu ili moshi ufukuze nzi. Mtu akiuliza mbona simpandi, nilisema amefiwa, tukacheka. Ukweli ni kwamba sikutaka kupita mtaani na farasi mmoja. Miaka yote nilipanda mmoja na kumwongoza mwingine kwa kamba, na watu walizoea kusikia kwato nane.

Kabla ya mwisho wa mwezi alikuwa anaacha nusu ya pumba. Mbavu zikaanza kuonekana. Alisimama kutwa ameelekeza masikio kwenye upande wa banda uliokuwa wa mwenzake, na kila pikipiki ilipokata kona alilia, mlio mrefu unaopanda kisha kukatika, halafu akangoja. Nami nilikuwa nikingoja pamoja naye, nimeshika ndoo.

Nilidhani ni nagana. Nikamwita bwana mifugo, kijana mpole ambaye hakuwahi kumtibu farasi mwingine zaidi ya hawa wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwangalie, anakwisha."

Alichukua tone la damu sikioni, akaondoka nalo, na kesho yake akarudi kuniambia kuwa damu ni safi. Kisha akalizunguka banda mara mbili.

"Anatoka huyu?"

"Hatoki. Yuko kwenye eda."

Nilisema bila kucheka, kama mtu anayetaja jina la ugonjwa. Naye hakucheka.

"Mama, samahani. Eda ni ya binadamu. Na hata mwenye eda, watu wanamjia. Mama yangu alipokaa, nyumba haikupata nafasi ya mkeka. Huyu anajiwa na nani?"

Nilimshukuru, nikamfungia maembe mawili ya njiani. Kisha nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilikumbuka eda yangu mwenyewe: shemeji zangu wakilala sebuleni, majirani wakipokezana kupika, mtu wa kunichotea maji hata pale nisipoyataka. Eda ilipokwisha waliniogesha, wakanivika nguo mpya, wakanipaka mafuta mazuri, kisha kila mmoja akabeba mkeka wake. Upweke wangu ulianza saa tisa alasiri siku ile, mlango ulipofungwa. Nilikuwa nimemtwika yule mnyama kifungo cha eda, na wale wanawake sikumpa.

Asubuhi iliyofuata nilimtandika. Tandiko lilinuka gunia, mshipi ukahitaji kukazwa matundu mawili zaidi. Tulishuka ufukweni maji yalipokupwa, akaenda kwa hatua, kisha kwa mbio ndogo za matiti, na kwa muda nilisahau kila kitu isipokuwa pumzi yake. Tulipofika kwenye mkono wa bahari, pale kwenye mikoko, akasimama. Maji hayakufika magotini. Lakini miaka yote dume ndiye aliyetangulia kuvuka. Nilimbana kwa miguu, nikamsihi, nikamtisha; akabaki anatetemeka. Nikashuka, nikavua viatu, nikaingia majini mbele yake nimeshika hatamu. Akaja. Alivuka ameegemeza uso mgongoni kwangu, uzito wote wa kichwa kile, na nilipofika ng'ambo sikusogea ili asiuondoe.

Nilifurahi mno. Furaha hiyo ndiyo iliyonitisha, kwani ilinionyesha kwamba ningeweza kumweka hivyo miaka yote iliyobaki, akinifuata kwa kuwa hana mwingine, nami nikiita hali hiyo mapenzi.

Sikumpigia simu rafiki yangu wa Meru. Kwa simu ningebadili kauli katikati ya sentensi. Katikati ya Aprili niliandika barua, nikaituma kwa basi:

"Mpenzi dada yangu,

Usingoje Julai. Njoo na lori mara barabara itakapokauka. Mpakie alfajiri kabla ya joto, na ukiweza mlete farasi mmoja mpole awe ndani tangu mwanzo. Ataingia bila kupigwa. Sikio la kushoto hapendi kuguswa. Pumba yake iloweshwe kwanza.

Nisingependa unilipe chochote, wala usinikaribishe kuja kumtazama mwaka huu, maana nitakuja, kisha nitataka kuondoka naye. Usinitumie picha za kunifariji. Lakini siku utakapomwona amesimama na mwenzake, shingo kwa shingo, wanakunana kwa meno kama wanavyofanya wakizoeana, nipigie saa hiyohiyo, hata kama niko kwenye swala. Nitakata swala ya sunna nipokee.

Wako, aliyechelewa kukujibu."