Bangili Iliyotoka Kwenye Maharage

Nilipokuwa mtoto kule Kashebere, kitu cha kuvaa kilichotoka udongoni hakikuguswa hovyo. Iwe shanga, iwe pete, tuliambiwa kina mwenyewe, na mwenyewe ni marehemu. Kilifungwa kwenye jani la mgomba, kikarudishwa shimoni, na shamba likaachwa lilale. Lilale hadi lini, hakuna aliyesema. Nilichokiona mimi ni kwamba waliolihurumia sana shamba lililolala walikuwa majirani, na baada ya misimu kadhaa ungewakuta wao ndio wanalilima.

Siku hiyo tulikuwa tunapalilia maharage. Koko, mama mzazi wa baba, ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki, na shamba lile la mteremkoni ndilo lililotulisha. Hatukuwa na lingine. Akapita Papa Amani, mtafuta dhahabu, amebeba detekteri, ile mashine yenye sahani mwishoni mwa fimbo inayolia ikipita juu ya madini. Aliomba kukatiza kwetu kwenda kijitoni. Mashine ikalia katikati ya maharage. Akachimba, akatoa bangili nyeusi tii, na alipoitambua kuwa ni bangili akaiachia ianguke.

Habari ilienea upesi, watu wakajaa. Mbele yao alisimama Papa Safari, jirani tuliyepakana naye, ambaye mpaka wetu haukuwahi kumpa usingizi.

“Mama, rudisha ile kitu mu shimo,” alisema. “Iko na mwenyewe. Na shamba ilale. Ukilima tena, muntu atakufa mu nyumba yako.”

Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nalia. Niliamini kila neno, na huyo mtu wa kufa nilikuwa nimeshamjua: ni mimi, kitinda mimba.

Koko alikuwa mfupi, na hasira zikimpanda sauti yake ilishuka.

“Kweli, iko na mwenyewe,” alisema. “Basi tumutafute. Sijaigusa bado, munaniona. Haiko chuma, iko arja, ile ya kung’aa nyeupe. Nyuki zilimuuma mama mukwe wangu, mukono ikavimba, njo bwana yangu akaikata na tupa ya kunoa panga. Ncha moja iko sawa. Ingine iko mushazari, sababu mama alikuwa anapiga makelele na kuvuta mukono. Kisha akaivaa vile vile, wazi. Ikaanguka humu akivuna maharage. Alilia sana.”

Akanituma majivu na ndimu. Nilikimbia, nikarudi, nikamrushia kifurushi kwa mbali. Akaiokota bangili kwa mkono mtupu, watu wakaguna, naye akasugua bila haraka kama anayesugua sufuria ya jana. Weusi ukatoka, weupe wa fedha, ndiyo arja ya kwetu, ukajitokeza. Kisha akampa Papa Amani, naye kwa aibu ya kuonekana mwoga akaipokea. Alikuwa na sumaku, ile waliyotolea mchanga mweusi kwenye dhahabu. Sumaku haikuishika. Akageuza ncha zote mbili kwenye mwanga.

“Haiko chuma,” alisema. “Iko arja ya kweli. Na ncha ziko vile mama anasema.”

“Ata kama,” Papa Safari akajibu. “Iko ya mufu.”

“Ndiyo, iko ya mufu. Mufu ni mama ya bwana yangu, na shamba iko yake. Kama amerudi, amerudi kwake. Ao alipitia kwako, weye?”

Watu walicheka, hata waliokuja kulia msiba wetu mapema. Koko akaivaa. Akanyoosha mkono ule ule kwangu.

“Kuya. Shika.”

Nikashika. Bangili ilikuwa na joto kwa kusuguliwa. Sijawahi kuogopa vile tena, wala sijawahi kumpenda mtu vile. Tukaendelea kupalilia wakituangalia. Papa Safari alitangaza kwamba maharage yale Koko hatayala. Aliyala, akampelekea na yeye bakuli.

Siwezi kuapa kwamba wafu hawana vitu vyao. Sikuondokewa na imani yote siku ile, na wala Koko hakuniomba. Alichokataa ni wafu kusemewa na watu wenye tamaa, tena mbele yake, juu ya chakula cha wajukuu wake.

Tangu hapo tumelikimbia shamba lile mara mbili, tukalala chini ya plastiki kambini Kashuga, na mara zote mbili tukarudi. Koko sasa ni marehemu, na bangili naivaa mimi nikilima. Wapo wanaoniambia bado niivue, nisije nikafukuzwa shambani na wafu wenyewe. Nawajibu kwamba mimi kufukuzwa nakujua. Waliotufukuza walivaa buti, walibeba bunduki, na wote walikuwa hai.