Siku Niliyomkimbia Mama Kando ya Soko la Burma

Kule kiwandani Industrial Area ninakofanya kazi wananiita Mkimbia Mama, na siwezi hata kukasirika kwa sababu video ipo, imezunguka kwenye simu za watu hadi shemeji yangu akanitumia mimi mwenyewe, na ndani yake naonekana vizuri kabisa, mwanamume wa miaka arobaini na mbili, fulana ya kijani, nikikata mbio mbele ya watu wote. Basi wacha niwasimulie kwa kinywa changu, maana mnaoicheka hamjui yaliyotangulia, na yaliyotangulia ndiyo yanayoninyima raha hadi leo.

Mama alikuwa akiishi nami hapa Nairobi, mtaa wa Makongeni, tangu avunjike nyonga, ulikuwa mwaka wa tatu, na kila mvua ikinyesha aliniuliza jambo moja tu, nitamrudisha nyumbani lini. Kwetu ni kule juu upande wa Mlima Elgon, ambako gari dogo likifika kwenye udongo mwekundu linaketi chini kama ng'ombe mchovu, na mtu wa nyonga mbovu huwezi kumpakia pikipiki. Kwa hiyo nilihitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na nilikuwa nimeapa sitakopa hata shilingi (baba alikopa, tukakaribia kuuziwa shamba, nilikuwa darasa la sita na bado nakumbuka dalali akihesabu hatua zake kati ya migomba yetu). Nikaweka akiba miaka sita, nyama nikaacha, kazini nikaenda kwa miguu, majirani wakaniita bahili.

Gari nililipata kwenye yadi moja nyuma ya Jogoo Road, kwa mzee mmoja aitwaye Ndung'u anayeuza magari yaliyotumika. Lilikuwa refu, jeupe, lina keria juu na magurudumu manene, na injini ikinguruma kwa adabu. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa vyote, na sakafuni kulikuwa na vyuma viwili virefu vimelala sambamba kama reli. Nikajiambia hivyo ni vya mizigo. Mzee Ndung'u akataja bei, na bei hiyo ilikuwa ni kile hasa kilichokuwamo kwenye bahasha yangu, ukitoa mafuta ya kutufikisha nyumbani, na wallahi sikuwa nimemwambia nina ngapi.

"Nipunguzie kidogo, mzee," nikasema, kwa mazoea tu.

"Kijana yangu," akanijibu akitazama pembeni, "hiyo ndiyo pesa uko nayo."

Sasa hapo mtu mwenye akili angeondoka. Rafiki yangu Otieno, fundi wa magari, alikuwa ameshaniambia nisinunue chochote kabla hajakiangalia, na malipo yake yangekuwa nusu kilo ya nyama choma pale Burma, basi. Lakini mimi nikaona nusu kilo ni hasara, nikalipa, nikapewa ufunguo. Mzee Ndung'u akaniambia neno moja la mwisho: "Hii gari ikikataa kuwaka, usiipigie kelele. Iongeleshe." Nikacheka sana, nikadhani ni mzaha wa wauza magari.

Nilipoingia Jogoo Road, matatu zikanipisha. (Nyinyi mnaishi Nairobi, mnajua matatu haimpishi mtu.) Wanaume waliosimama kituoni wakavua kofia, mama mmoja muuza mahindi akafanya ishara ya msalaba, na mimi mjinga nikapunga mkono, nikijiambia, kumbe mtu mwenye gari lake huheshimiwa hivi. Kesho yake nilikuwa nalijaribu tu, gari likazimika lenyewe mbele ya lango la mochari. Bawabu akafungua bila kuniuliza jina, akaja akachungulia nyuma, akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi:

"Leo umeleta ama umekuja kuchukua?"

Gari lilipokubali kuwaka tena nikarudi yadini moja kwa moja. Mzee Ndung'u hata hakuinuka kitini. "Sikukuficha," akasema. "Hukuuliza." Na kweli sikuuliza. Lilikuwa limesafirisha maiti kwenda magharibi mwa nchi miaka mingi, na pesa zangu zilikuwa zimekwisha kwenda.

Mama angejua asingekanyaga ndani yake, na nisingepata lingine tena hadi nistaafu, kwa hiyo nikafunga mdomo. Nikaliosha kwa sabuni ya kipande mara tatu. Harufu ya maua yaliyonyauka haikutoka. Na kila asubuhi nilipokwenda kuliangalia nilikuta vioo vya nyuma vimefunga ukungu kwa ndani, kana kwamba mtu amelala humo akipumua, huku vya mbele ni vikavu. Niliogopa, siwafichi, lakini nilimwogopa Mama zaidi.

Jumamosi ya safari kulikuwa na baridi ile ya Julai. Mama hawezi kuketi muda mrefu, kwa hiyo nilimtandikia godoro nyuma, na lile godoro likaingia katikati ya vile vyuma viwili bila kuacha hata nafasi ya kidole. Akameza dawa yake ya maumivu (dawa hiyo humlaza kama gogo), akajifunika leso nyeupe kichwa hadi miguu kama kawaida yake, akasema, "Haya mwanangu, nirudishe." Tukaondoka. Hatukufika mbali. Kando ya Soko la Burma gari likakohoa mara moja, likanyamaza katikati ya barabara.

Askari wa trafiki akaja na hasira zake. "Toa hii gari! Ama niite breakdown ikuvute?" Mfukoni nilikuwa na pesa za mafuta tu, na gharama ya kuvutwa ingenitia kwenye deni nililolikimbia maisha yangu yote. Akachungulia dirishani. Akaona vile vyuma, akaona mtu amelazwa katikati kafunikwa leso nyeupe gubigubi. Akavua kofia polepole.

"Ni nani wako?"

"Ni mama yangu."

"Pole sana, ndugu yangu. Pole."

Ningesema amelala tu. Maneno mawili. Badala yake, ndugu zangu, nikainamisha kichwa.

Askari akasimamisha magari kwa heshima, na hapo ndipo mambo yaliponiponyoka. Wauza nyama wakatoka na makoti yao meupe yenye damu, kina mama wakaanza wimbo wa msiba, mtu akaweka beseni chini ya mlango wa nyuma na shilingi zikaanza kulia ndani yake, na mimi niliyeapa kutochukua cha mtu nikasimama pale nikipewa mkono wa pole na watu nisiowajua. Wakasukuma gari, likakataa. Wakasukuma tena, watu kumi na zaidi, na halikusogea hata shubiri, ingawa nilikuwa nimeachia breki. Nyimbo zikapungua.

Mzee mmoja wa bucha akanishika bega. "Gari ikigoma hivi, ni marehemu mwenyewe amekataa," akasema, na watu wote wakaitikia kwa kichwa, maana jambo hili kila aliyewahi kusindikiza maiti nyumbani analijua. "Iko kitu hamjamwambia. Wewe ndiye mtoto. Fungua mlango, ongea na yeye."

Ningefanyaje? Nikafungua mlango wa nyuma. Baridi iliyotoka humo haikuwa ya Julai. Nikaanza kwa kuigiza, "Mama, nisamehe, turuhusu twende," lakini macho yangu yalikuwa kwenye leso, pale penye kifua, nikingoja iinuke, na haikuinuka. Nikagusa mguu wake. Ulikuwa baridi kama chuma. Nikajua nimemuua kwa kuinamisha kichwa, kwamba nilikubali aitwe maiti naye amenitii. Sasa nikalia machozi ya kweli, nikamwambia yote mbele ya umati, lile gari, mochari, nusu kilo ya nyama, nikamwomba arudi.

Akaketi. Wima, mara moja, leso ikiwa bado usoni.

"Tumefika?" akauliza.

Sikumbuki kukimbia. Video inakumbuka. Inaonyesha askari akikimbia, kina mama wakikimbia, beseni likiruka, na mbele ya wote ni mimi, mtoto wake, kifungua mimba. Fahamu zilinirudia ndani ya bucha nikiwa nimemkumbatia mbuzi aliyening'inia kwenye ndoano, uso wangu umezama ubavuni mwake, na mwenye bucha akiniuliza kama namnunua.

Nilirudi kwa aibu isiyo na kipimo. Barabara ilikuwa tupu. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa gari, miguu inaning'inia, amegeukia ndani anazungumza kwa upole na godoro. Nilipokaribia akanyamaza.

"Wanyonyi, hili gari lilikuwa la maiti?"

"Ndiyo, Mama."

"Ungeniambia tu." Akakunja leso yake polepole. "Kuna mzee amelala kando yangu tangu Makongeni, amenibana kweli. Alikuwa anauliza kama tumefika. Nami nikakuuliza wewe, ukakimbia."

Nikalitazama lile godoro.

"Nadhani walimteremsha tu wakamzika, hakuna aliyemwambia amefika. Nimemwambia. Ameshuka." Akaninyooshea mkono nimsaidie kuhamia kiti cha mbele, nami nikakilaza nyuma ili asikae wima. "Haya, washa."

Likawaka nilipojaribu mara moja tu. Nikatazama nyuma na ule ukungu ulikuwa ukitoka kwenye vioo taratibu, kuanzia chini. Fedha za beseni nilimwachia yule mzee wa bucha awarudishie wenyewe, tukaenda, na gari likapanda udongo wetu mwekundu bila kuteleza hata mara moja.

Mama alipokanyaga uwanja wake alisema kwa sauti, "Nimefika," kisha akanigeukia. "Usiliuze hili gari. Siku yangu ikifika utanileta nalo. Na ukinisikia nyuma nauliza kama tumefika, usikimbie tena, mwanangu. Nijibu."

Nimemwahidi. Otieno nimemnunulia kilo nzima na kumwomba radhi, na siku hizi nikinunua hata kiti cha plastiki nauliza nani alikikalia. Wanaoniita Mkimbia Mama na waniite. Lakini kila asubuhi kabla ya kwenda kazini natazama kwanza vile vioo vya nyuma, na hata nikivikuta vikavu, nampigia Mama simu nisikie sauti yake.