Dari ya Jiko la Shangazi

Nilikumbuka nikiwa juu ya pikipiki, tumeshapita mtaa wa Birere: sikufuta folda yangu.

Shule moja ya Majengo ilikuwa imepata kompyuta kumi na mbili kuukuu. Sikutaka kuhangaika na kila moja. Niliitengeneza ya kwanza vizuri, nikaiwekea Linux, kamusi na kibodi ya Kifaransa. Yangu mwenyewe ilikuwa imekufa, kwa hiyo kwa jioni tatu niliandikia humo sura ya riwaya. Kisha nikainakili nzima kwenye diski, na kwa diski hiyo nikazijaza zile kumi na moja. Zikawa mapacha. Asubuhi hiyo nilizipeleka nikijivuna.

Sura ile ilimhusu kaka yangu. Alikuwa anatafutwa, na bado alikuwa amelala juu ya dari ya jiko la shangazi, mtaani Ndosho. Niliandika dari, mlango wa bluu, muuza makaa wa mkabala, hata namna mbao zilivyolia alipogeuka. Nilitaka iwe kweli.

"Geuza, papa," nilimwambia dereva.

Sekretere wa shule, mama mwenye miwani, alikuwa mlangoni.

"Ulisahau nini tena, wewe wa ma-ordinatere?"

"Kitu kidogo kwenye kompyuta, mama."

"Kidogo, na unatoka jasho hivi? Ingia. Banafunzi habayafika."

Nilifuta folda kwenye kompyuta kumi na moja, vidole vikikosea neno la siri. Ya kumi na mbili haikuwepo darasani.

"Iko ku biro yangu," alisema. "Njoo."

Ukurasa wangu ulikuwa wazi kwenye kioo. Yeye alifunga mlango polepole, akaketi.

"Hapa umedanganya," alisema akigusa mstari. "Sisi pia tulikala mu plafo, mu dari ya kwetu, siku ine, na batoto. Mbao hazikulia. Zingelia, singekuwa hapa."

"Futa. Halafu umuhamishe leo. Mimi nimesoma. Sijui nani mwingine."

Nilifuta, na nyumbani nikafuta diski pia. Sikuwa na nakala nyingine ya sura ile.

Saa sita mchana kaka alitoka kwa shangazi akisukuma chukudu ya makaa, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, uso umepakwa masizi, akapita mbele ya watu waliokuwa wakimtafuta. Nilitembea nyuma yake kwa mbali, nikihesabu pumzi.

Alikofika, sijakuandika popote.