Hajira Apanda Gari la Moshi Kwenda Mazinde

Hajira alikuwa mfinyanzi wa vyungu huko Kang'ata. Reli ya Wajerumani ilipokuwa imekwisha kuvuka Mombo, mchuuzi wa tumbaku aitwaye Sadala alifika kwake na habari zilizomfanya auache udongo ukauke mikononi.

"Sokoni Mazinde kuna mwanamke anauza ndizi," alisema. "Aliponisikia nasema Kizigua, akaniuliza kama namjua Hajira wa Kang'ata. Anaitwa Chausiku."

Chausiku alikuwa mdogo wake. Wakati wa njaa kuu, wakiwa watoto, mama yao aliwachukua kwa miguu hadi Usambara kutafuta chakula. Akamwacha Chausiku kwa familia moja ya Washambaa, nao wakampa mahindi ya kumfikisha Hajira nyumbani akiwa hai. Mvua ziliponyesha mama alimfuata, akakuta nyumba tupu. Wenyewe wamehama, na hakuna aliyejua walikokwenda.

Sasa miguu ya mama haikumbeba tena. Alimshika Hajira mkono. "Nenda, mwanangu. Ukimwona, mwambie nilimfuata."

Sadala alikuwa anarudi Mazinde, wakaongozana. Walipofika stesheni ya Korogwe, gari la moshi liliingia likinguruma na kutoa cheche, Hajira akarudi nyuma hadi akajigonga kwenye mizigo ya watu.

"Panda, mama," Sadala alicheka. "Haling'ati."

Walikaa kwenye behewa la wazi. Mto ulibaki kushoto, na kulia milima ikasimama karibu kabisa: msitu mweusi juu, migomba chini yake, maji yakiporomoka meupe kwenye majabali. Cheche zilitoboa kaniki yake, wala hakujali. Chini ya milima hiyohiyo alikuwa amembeba Chausiku mgongoni, wote wawili wakitafuna majani. Siku zile kila jabali lilikuwa mbali. Sasa majabali yalikuja na kupita kabla hajamaliza kuyatazama.

"Kumbe hapa ndipo tulipopita na mama?" alimwuliza Sadala. "Mbona sikuona kuwa ni pazuri hivi?"

Walipita Mombo. Kisha Hajira akasema, "Akinikataa je?"

"Angetaka kukukataa, asingeniuliza habari zako."

Sokoni hakuhitaji kuonyeshwa. Nyuma ya mikungu ya ndizi alikaa mwanamke mwenye paji la uso la mama yao, na mtoto amelala mgongoni. Chausiku aliinuka, akamtazama.

"Mbona umekawia, dada?"

"Mama alikufuata. Akakuta mmehama."

Chausiku aliketi vumbini. "Walionilea waliniambia mama amekufa njiani."

"Yuko hai. Ndiye aliyenituma."

Wakalia pamoja mbele ya wateja, bila kuona haya. Baadaye, wakimenya ndizi nyumbani kwake, Chausiku alieleza jinsi alivyokuwa akiongea Kizigua na mbuzi wa wenyeji wake, ili kisimtoke. Mumewe, Filemoni, mkulima wa Kishambaa asiye na maneno mengi, alisikiliza mpaka mwisho.

"Tukivuna maharage," alisema, "tutateremka sote hadi kwa mama."

Walivuna, wakateremka. Sadala alikuwa ametangulia na habari, na mama alikuwa ameketi mlangoni tangu asubuhi. Walipotokea njiani alisimama mwenyewe, akishika ukuta, akaita, "Chausiku!", jina ambalo kwa miaka yote ile hakuthubutu kulitamka.