Nilivyochagua LED strip ya kumwonyesha mke wangu hodi asiyoisikia

Wakuu, amani iwe kwenu, pamoja nanyi mlio kwenye foleni ya malori mkisoma kwa simu.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Malaba, upande wa Kenya, mstaafu wa kazi ya clearing, ya kutoa mizigo forodhani. Haya yametokea ndani ya nyumba yangu, na shahidi ameketi hapa kando yangu anasoma kila mstari. Hata nikitaka kutia chumvi, sina nafasi.

Shahidi huyo ni mke wangu, Mama Nafula.

Miaka michache iliyopita masikio yake yalianza kufifia. Hospitali tulikwenda, vifaa vya masikio tukajaribu, vikasaidia kidogo kisha vikashindwa. Ukimkabili uso kwa uso, anasoma midomo vizuri kuliko mimi ninavyosoma gazeti. Ukiwa nyuma yake, hata ukipiga debe hana habari.

Aliniomba nisimwambie mtu. Nikakubali. Nadhani hapo ndipo tulipokosea.

Maana shida ilikuwa hodi.

Mnajua kwetu. Mgeni husimama nje akaita, asipojibiwa anarudi alikotoka. Sasa watu wanaita, wanamwona kwa dirisha ameketi anachambua maharagwe, hageuki wala hajibu.

Maneno yakaanza sokoni kwamba mke wa mzee wa kanisa siku hizi anachagua wa kumkaribisha. Kina mama wa ushirika wakahamisha maombi yao ya Jumatano kwenda nyumba nyingine. Hata Mama Asike, rafiki yake tangu watoto wetu wakiwa mgongoni, akaacha kupita.

Siku moja Mama Nafula aliniambia, "Baba Nafula, nyumba yangu imekuwa kama haina mlango."

Nikaanza kutafuta namna ya kumfanya aijue hodi bila kuisikia.

Nilianza na kengele yenye taa. Ukibonyeza nje, taa inamulika ndani. Ilifanya kazi vizuri kabisa, ila hakuna aliyebonyeza. Mtu anasimama mbele ya kitufe, anakitazama, halafu anaita hodi. Mzee mmoja alinieleza kwamba kengele ni mambo ya ofisi.

Nikaweka sensa ya kuhisi mwendo, iwashe taa hiyo chochote kikikaribia mlango. Siku ya kwanza Mama Nafula aliwafungulia kuku mara kumi na moja. Jioni aliniuliza kama nimewaandikisha ushirika.

Basi nikiwa Busia mjini kwa shughuli zangu, nikapita duka la dada mmoja anayeitwa Nekesa, fundi wa TV anayeuza pia taa. Mlangoni alikuwa ametundika LED strip, yaani utepe wa taa ndogondogo, inayocheza na muziki, mwanga unapanda na kushuka kwa kadiri ya sauti.

Nikamuuliza, "Dada, hizi taa zinasikia?"

"Zinasikia, mzee. Controller yake, hiki kidude kinachoziongoza, ina maikrofoni ndani."

"Zinaweza kusikia hodi?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Hilo sijawahi kuulizwa. Watu huuliza kama zinasikia bass."

Wakuu, niliondoka na furaha kubwa hata nikasahau kuuliza mengine. Nilipofika Malaba nikanunua strip kwa mchuuzi aliye karibu na nyumbani, kwa sababu boksi lilikuwa na picha ya rangi zote za upinde wa mvua. Nilikagua mizigo maisha yangu yote, na hilo nalikiri kwa unyenyekevu: nililiamini boksi.

Ilisikia, ndiyo. Lakini strip nzima iliwaka na kuzima kwa pamoja. Lori likipiga honi, sebule nzima inamulika. Mbwa akibweka, inamulika. Mama Nafula alivumilia hadi saa sita mchana.

"Zima," akasema. "Afadhali kuku."

Nikarudi kwa Nekesa na strip mkononi. Aliitazama mara moja tu. Akaniambia hiyo ni RGB ya kawaida, taa zote zinapokea amri moja. Niliyoiona dukani kwake ni addressable, ambayo kila kipande kinapokea amri yake. Ndiyo maana sauti ndogo huwasha taa chache za mwanzo tu, na sauti ya karibu huusukuma mwanga hadi mwisho.

Hapo nikaelewa. Nikiibandika ukutani kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha Mama Nafula, honi ya mbali ingeishia kando ya mlango. Hodi ya barazani ingefika hadi kwenye kiti chake.

Kwa anayetaka kununua, niliyojifunza ni haya. Tazama nyaya. Ile ya kawaida huwa na nne: moja ya umeme na tatu za rangi. Addressable mara nyingi ina tatu: umeme, data na ground. Zipo za nne pia, kwa hiyo soma maandishi yaliyo juu ya strip yenyewe, usisome boksi. Yangu imeandikwa WS2811.

Nekesa alinishauri nichukue ya volti 12 badala ya 5, kwa sababu ukuta wangu ni mrefu, na ile ya volti 5 huanza kufifia na kugeuka nyekundu mwishoni usipoiongezea umeme njiani. Ile ya 12 huwasha taa tatu tatu kwa pamoja, lakini kwa kazi yangu hilo si kitu. Tena nina betri ya sola ya volti 12, akanipa na kifaa cha kutuliza volti, stima ikipotea hodi isipotee. Tukachukua yenye taa 60 kwa mita, maana wageni wetu huja mchana na mwanga hafifu hauonekani.

Kosa langu la mwisho: nilianza kuibandika kutoka kwenye kiti kuelekea mlangoni. Nikaunganisha controller mlangoni, haikuwaka. Kumbe juu ya strip kuna mishale midogo, na data huingia upande mmoja tu. Nikabandua yote polepole, nikageuza. Mungu ametupa uvumilivu tuutumie.

Kisha nikakaa kwenye app ya controller katika simu siku mbili nikipunguza usikivu wa maikrofoni, huku jirani akiniitia hodi barazani hadi sauti ikamkauka.

Jumatano iliyofuata nilimwomba Mama Asike apite nyumbani. Sikumweleza kitu. Alikuja, akasimama mbali kidogo, akaita kama mtu asiyetarajia jibu. Mwanga ukatembea kidogo ukutani ukarudi. Akasogea barazani, akaita tena.

Mwanga ukakimbia hadi juu ya kiti, mbele ya macho yake.

Mama Nafula alikuwa ameupa mlango mgongo, mikono ndani ya maharagwe. Akasema bila kugeuka, "Karibu, ingia."

Mama Asike aliingia na uso wa lawama. "Kumbe unasikia?"

Mama Nafula alikuwa amegeuka sasa, anamtazama midomo. "Sisikii, dada. Ni miaka miwili sasa. Nimeiona hodi yako."

Nilitoka nje nikawaacha. Niliporudi walikuwa wamefuta machozi na Mama Asike alikuwa barazani akiita hodi upya kwa kicheko, ili aione ikikimbia.

Maombi ya Jumatano yamerudi kwetu. Kina mama wakiimba, ukuta mzima unacheza, na mke wangu, ambaye zamani alikuwa akichezesha midomo tu, sasa anapiga makofi kwa mwendo wao. Simshukuru Nekesa peke yake; namshukuru na Mungu.

Somo langu: kabla ya kuchagua taa, jua mtu wako amekosa nini. Na jambo linaloumiza nyumba msilifiche kwa aibu, maana sisi tulipoteza miaka miwili ya wageni.

Sasa nisaidieni, wakuu. Mvua ikinyesha juu ya mabati, strip yote inajaa mwanga na haishuki. Mwenye ujuzi wa kuchuja sauti hiyo aseme. Mama Nafula anasema niiache, hata mvua ina haki ya kupiga hodi.

Ningeendelea, lakini mwanga umepita ukutani sasa hivi, na mimi mwenye masikio mazima, nilivyozama kuandika, sikusikia kitu. Yeye ameshainuka kwenda kufungua.