Nyumba ya Dhahabu Yatafuta Pa Kusimama

Kampuni iliyotengeneza barabara kule kusini mwa Likoni ilipomaliza kazi mwaka 1987, ilikusanya kila kitu chenye thamani ikaondoka nacho. Iliacha vitu viwili tu: barabara yenyewe, ambayo ilianza kumeguka mvua za kwanza zilipoonja lami, na karavani moja ya bati iliyokuwa ofisi ya wahandisi. Barabara waliachiwa wananchi. Karavani alipewa Dhahabu, mpishi wao.

Dhahabu alikuwa na miaka arubaini na miwili. Kwa miaka sita alikuwa amewapikia wahandisi viazi visivyo na chumvi wala tumaini, na akasifiwa sana kwa hilo. Mumewe alikuwa amemwacha kwa barua ya mistari mitatu, na mume ndiye aliyebaki na nyumba, kuku na radio. Tangu hapo Dhahabu alilala katika kibanda cha jikoni pale kambini, akapangiwa nafasi kati ya magunia ya mchele.

"Sasa una nyumba, mama," meneja alimwambia kwa Kiswahili chake cha miaka sita, akampa ufunguo, akapanda gari kwenda uwanja wa ndege. Alikuwa mtu mwema. Aliwaza kila kitu isipokuwa mahali nyumba hiyo ingesimama, maana shamba la kambi lilitakiwa kurudishwa kwa mwenyewe mwisho wa mwezi.

Dhahabu hakujali hayo siku ile. Alitoa ramani zilizobandikwa ukutani, akapiga deki kwa sabuni ya kufulia, akatandika kitanda. Ndani mlikuwa na hatua saba kwa urefu na tatu kwa upana, meza ya kukunjwa, kabati na madirisha mawili. Aliufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Hakuwahi maishani kuwa na mlango ambao mwingine hana ufunguo wake.

Dereva wa trekta iliyokodiwa na kampuni, Mkamba mmoja mtaratibu aitwaye Musyoka, alibakiwa na majuma mawili kabla ya kuikabidhi trekta kwa wenyewe. "Bi Dhahabu," alisema, "wewe sema tu ni wapi, mimi nitavuta."

"Twende kwetu," Dhahabu alisema. "Kwa kaka yangu kuna ua mpana."

Ua ulikuwa mpana kweli. Jamaa zao walikuwa wameishi pale vizazi vinne, wakazaliana, wakazikana, na katika muda huo wote ardhi ilikuwa mali ya mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona. Ilisemekana anaishi ng'ambo. Ilisemekana pia alikwisha kufa, lakini jambo hilo halikumzuia kuendelea kuimiliki.

Mwidani, kaka yake, alitoka akiwa na kanzu ya Ijumaa. Aliitazama trekta, akaitazama karavani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Ni nyumba yangu."

"Nyumba ina magurudumu?"

"Ina manne, alhamdulillahi."

Mwidani aliizunguka mara mbili. "Dada, sikufukuzi, wallahi. Lakini nyumba ikiingia uani hapa itahesabiwa kuwa tumejenga. Wakili wa mwenye ardhi amekataza tusijenge."

"Haijengwi, kaka. Ilishajengwa huko ilikotoka."

Mkewe Mwidani, Mwanasaumu, hakuzungumza habari za sheria. Alikuwa amesimama mlangoni akiipima karavani kwa jicho. "Itatuzibia jua la kuanikia," alisema. Kisha, kwa sauti ya upole zaidi, sauti ya mtu anayesema jambo lenyewe, "Na leo itakuwa karavani, wifi. Kesho kutwa itakuwa sehemu yako."

Dhahabu alipaswa kunyamaza. Badala yake aliuliza, "Sehemu ya nini, wifi? Nyinyi wenyewe mna ardhi gani hapa?"

Lilikuwa ni neno la kweli, ndiyo sababu halikusameheka. Alikaa pale siku tisa. Siku ya kumi Mwidani alimletea Musyoka chai na maandazi, heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu wa bara, akamwuliza kama trekta ina mafuta ya kutosha.

Musyoka alikuwa na rafiki yake huko Changamwe, fundi wa malori aitwaye Nicanor, mwenye karakana yenye uwanja. Njia ya kwenda huko ni kuvuka kwa feri. Pale kwenye kibanda, karani wa tikiti aliifungua karatasi yake ya viwango, akaifunga, akatoka nje kwenda kutazama.

"Hii ni tela tupu au tela lenye mzigo?"

"Ni nyumba," Dhahabu alisema.

"Nyumba hazivuki. Ndani mna nini?"

"Kitanda, sufuria na jiko."

"Basi ni mzigo. Na wewe?"

"Mimi nitakaa ndani, nishike vyombo visianguke."

Karani alikuna kichwa. Watu wa miguu walivuka bure, na mzigo ulilipiwa, lakini mtu wa miguu aliyeketi kitandani ndani ya mzigo hakuwa ameandikwa popote. Magari yalianza kupiga honi nyuma yao. Mwishowe karani alichora mstari chini ya viwango vyote, akaandika kwa kalamu neno "vinginevyo", akawapisha. Dhahabu alivuka kivuko cha Likoni akiwa amekumbatia sufuria, akiitazama bandari kupitia dirisha lenye pazia lake mwenyewe. Baadaye angesema hiyo ndiyo safari pekee maishani mwake aliyosafiri kama mtu mkubwa.

Nicanor alimpa pembe moja ya karakana bila masharti, ila awapikie mafundi chai na uji. Ilikuwa kelele toka asubuhi hadi magharibi, na moshi wa dizeli uliingia hata kwenye unga, lakini hakuna aliyemwuliza habari za urithi. Alikaa Changamwe mwaka mzima na miezi. Musyoka naye alipata kazi ya lori la makontena, akawa anapita kunywa uji.

Kisha serikali ikamgundua. Kwanza alikuja askari wa usalama barabarani, akainama, akatazama nyuma ya karavani.

"Tela hili halina nambari wala leseni."

"Si tela, afande. Ni nyumba. Ninalala humu."

Askari aliandika, akaenda. Juma lililofuata alikuja kijana mwenye tai, kutoka ofisi inayopitisha ramani za nyumba.

"Nyumba hii haina ramani iliyopitishwa, haina msingi, haina choo."

"Si nyumba, mwanangu," Dhahabu alisema. "Ni tela. Tazama magurudumu."

Kijana aliandika, akaenda. Mpango huu ungeweza kudumu miaka, lau Mwenyezi Mungu hangewaleta wote wawili siku moja, saa moja. Dhahabu aliwatolea viti, akawamiminia chai, akakaa pembeni akichambua mchele. Askari alisema ni nyumba, kwa hiyo si kazi yake. Mwenye tai alisema ni gari, kwa hiyo si kazi yake. Wakabishana mpaka birika likaisha. Kila mmoja alitaka kwa moyo wote kumwachia mwenzake, na kwa muda Dhahabu aliona serikali ikielekea kumsahau. Kisha walipatana. Kiwe nyumba, kiwe tela, walisema, kiondoke kufikia Ijumaa.

Hapo ndipo alipolia. Alijifungia ndani akalia kama mtoto, kisha akanawa uso, akawapelekea mafundi uji wao, kwa sababu njaa ya mafundi haikuwa na habari na machozi yake.

Musyoka, ambaye husikia mengi barabarani, ndiye aliyemletea habari za kiwanja cha Magogoni, upande wa Kisauni. Matajiri wawili walikuwa wakikigombea mahakamani, mmoja mfanyabiashara wa mjini, mwingine mkubwa mstaafu kutoka bara. Kila mmoja alikuwa na hati yenye mhuri. Mahakama ilikuwa imeamuru kwamba pasijengwe kitu chochote mpaka kesi iishe.

Msimamizi wa yule mfanyabiashara aliitwa Bwana Mwinyihaji, mzee wa kofia safi na maneno machache. Dhahabu alimwendea nyumbani kwake.

"Bwana Mwinyihaji, amri inasema pasijengwe kitu."

"Ndivyo."

"Nyumba yangu haijengwi. Inafika tu."

Mwinyihaji alicheka mpaka akavua miwani. Kwa muda mrefu alikuwa akihofia kwamba upande wa pili ungeingiza watu usiku. Mtu wa kukaa pale bila kujenga alikuwa ulinzi asioweza kuupata kwingine. Alikubali, na kabla ya Ijumaa Musyoka akaivuta karavani hadi pale kwa lori lake. Mwezi haukwisha, mtu wa yule mkubwa mstaafu naye akaja, akaiona karavani, akaelezwa, akafikiri, na kwa sababu zile zile naye akakubali, mradi Dhahabu awe anamjulisha wale wengine wakionekana.

Basi Dhahabu akawa mlinzi wa pande zote mbili. Kila mwisho wa mwezi walikuja kwa zamu kumwuliza, naye aliwajibu wote kwa uaminifu mmoja: "Hakuja mtu." Jalada la kesi likapotea, likapatikana likiwa limepungukiwa na kurasa. Hakimu akahamishwa. Wakili mmoja akaugua, mwingine akaenda kuhiji. Dhahabu aliiombea kesi ile maisha marefu kila baada ya sala, na kwa miaka saba dua yake ilipokelewa. Aliuza mahamri na mbaazi mbele ya mlango wake, akapata wateja kutoka Mjambere hadi Utange.

Jirani yake wa karibu alikuwa Wairimu, mwanamke mchangamfu mwenye duka la nguo za mitumba. Alikuwa amejenga ng'ambo ya njia, nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu na baraza, kwenye kipande alichouziwa na mzee mwenye barua ya chifu.

"Mama, utakaa kwa hiyo kopo mpaka lini?" Wairimu alizoea kumwuliza. "Jenga kama watu."

"Inshallah," Dhahabu alijibu, akimwongezea mchuzi.

Mwaka 1996, asubuhi moja, tingatinga lilikuja na polisi wa kulilinda. Mwenye ardhi ya ng'ambo ya njia, ambaye hakuwa yule mzee wala chifu, alikuwa ameshinda kesi mahali fulani. Wairimu alisimama njiani na barua yake mkononi, akamwonyesha kila mwenye sare. Waliisoma kwa adabu, wakamrudishia. Kufikia saa sita nyumba kumi na moja zilikuwa chini, baraza lake likiwamo.

Dhahabu alikuwa na haki ya kusema jambo, na alikuwa na jambo lenyewe tayari, la miaka mingi. Lakini alipomwona Wairimu ameketi juu ya matofali akikunja nguo za duka moja moja kana kwamba wateja wanakuja, jambo lile lilimpotea kinywani bila kusemwa. Alivuka njia.

"Njoo," alisema. "Meza inakunjwa. Tutatosha."

Wairimu alikaa kwenye kopo miezi mitano, kisha akapanga chumba Mjambere. Hakuzungumza tena habari za kujenga.

Kesi nayo ikaisha mwaka ule ule. Hukumu ilikuwa ndefu na yenye elimu nyingi. Iligundua kwamba hati ya mfanyabiashara ilikuwa bandia, na hati ya mkubwa mstaafu ilikuwa bandia iliyotengenezwa vizuri zaidi. Kiwanja kilikuwa cha familia ambayo hakuna aliyekumbuka kuishtaki, na aliyebaki wa familia hiyo alikuwa ajuza mmoja wa Utange, Bi Waridi, ambaye alikuwa amekata tamaa nacho tangu siku za uhuru.

Alikuja akishikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Dhahabu alikuwa amekwisha kufunga vyombo vyake kwenye masanduku, na alikuwa amemwomba Musyoka atafute matairi, maana ya zamani yalikuwa yameoza.

"Shikamoo, Bi Waridi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe uliyekaa hapa?"

"Ndimi, Bibi. Niko tayari kuondoka."

Bi Waridi aliomba maji, akaketi kwenye ngazi ya karavani, akakitazama kiwanja kwa muda. Kilikuwa kimefagiwa. Miaka yote ile Dhahabu alikuwa amekifagia chote, hata pembe ambazo hazikumhusu.

"Wengine wote waliniletea karatasi," Bi Waridi alisema. "Wewe umeniletea maji. Jenga chumba chako hapa, ulipe kodi ya ardhi kidogo kama watu wengine."

Dhahabu alijua ni fadhila kubwa. Watu wa Kisauni walikuwa wakipigania neno kama hilo. Alikaa chini, miguuni pa ajuza, akachagua maneno.

"Bibi, nikijenga nitakuwa mpangaji wako, na siku utakapokufa nitagombana na wanao. Nikibaki hivi ni mgeni wako. Siku ukinichoka, nitaondoka na nyumba yangu mgongoni."

Bi Waridi alimtazama sana. Kisha alicheka, kicheko cha mtu aliyewahi kuwa na wapangaji.

"Kaa, basi. Panda mchicha, panda mabamia. Mpapai ukitaka. Mnazi usipande."

"Mnazi sitapanda, Bibi."

"Mwenye mnazi hudai na ardhi, nimeuona ukimaliza ndugu," Bi Waridi alisema, akanyanyuka kwa taabu.

Musyoka alileta matairi manne mazuri siku ya Jumapili, akayafunga, akajaza upepo. Dhahabu alifungua masanduku, akarudisha sahani kabatini. Jumatatu, baada ya kuuza mahamri, alichukua jembe akalima matuta mawili ya mchicha upande wa dirisha la jikoni.